Saa Ngapi, Wapi, Nani Alikuwepo: Kuirudisha Shule Iliyolegea

Shule ya sekondari ikiharibika, hapa Malindi, pwani ya Kenya, hakosi wa kulaumiwa. Wazazi wa mitaa ya Maweni na Muyeye watakwambia walimu wa siku hizi hawafundishi, wanangoja mshahara tu. Walimu watakutajia muguka (majani ya kutafuna yanayolevya, jamii ya miraa), pikipiki, simu, ufuo na matanga. Wazee wana jibu moja: tangu serikali ikataze kiboko, watoto wametushinda. Na mwanafunzi mwenyewe, ukimpata peke yake na asikuogope, atakueleza habari ya choo kisicho na mlango na mwalimu wa hesabu ambaye hajaonekana tangu muhula uanze.

Wote wana chembe ya ukweli. Lakini hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayoeleza mbona shule mbili zinachukua watoto wa mitaa ile ile, wazazi wao wa kipato kile kile, wote wanapita kwenye vibanda vile vile vya muguka, halafu moja inasomeka na nyingine haisomeki.

Swali hili limeshachunguzwa kwingine. Mwaka 1979 mtafiti Michael Rutter na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa shule 12 za sekondari za London. Kwanza waliangalia watoto walikuwa wa namna gani kabla hawajaingia, kisha wakafuatilia mahudhurio, tabia, mitihani na kesi za polisi. Hata baada ya kuzingatia tofauti za watoto wenyewe, shule ziliachana mbali. Wala si kwa ukubwa au uchakavu wa majengo. Kilichozitofautisha ni mambo ambayo mgeni angeyapita bila kuyatupia jicho: kipindi kuanza kwa wakati, kazi ya nyumbani kutolewa na kusahihishwa, kazi za wanafunzi kubandikwa ukutani, kijana aliyefanya vizuri kusifiwa mbele ya watu, wanafunzi wengi kushikishwa majukumu, na walimu kufuata utaratibu mmoja badala ya kila mtu kuja na sheria zake.

Hapo ndipo ninaposimama na mimi. Shule nyingi zetu zilizolegea hazijalegezwa na kundi la watoto wabaya. Zimelegea katika dakika zisizo na mwenyewe, yaani zile nyakati na zile pembe ambazo hakuna mtu mzima anayejua kwamba ni zake. Ukizipata dakika hizo ukazipa mwenyewe, nusu ya kesi zinajifuta bila mtu kuadhibiwa. Nusu iliyobaki ni ngumu kweli, nitaifikia.

Kitabu cha matukio

Karibu kila shule ina kitabu ambamo mwalimu wa zamu huandika makosa. Kwa kawaida kinasomwa kwa majina: fulani amefanya hivi, ni mara ya ngapi, aadhibiwe vipi. Kinaposomwa hivyo kila siku, matokeo yake ni orodha ya majina yale yale ishirini, na mkutano wa walimu unaomalizika kwa kusema hao ishirini wakiondoka shule itatulia. Wanaondoka, kisha wanazuka ishirini wengine. Nani hajawahi kuliona hilo?

Sasa tuchukue shule ya kutwa ya wavulana na wasichana pembezoni mwa mji, yenye wanafunzi kama mia sita. Ni ya kubuni, lakini mwalimu yeyote wa pwani ataitambua. Naibu mwalimu mkuu anaketi Jumamosi na kitabu cha muhula mzima, rula na kalamu nyekundu. Hasomi majina. Anachora safu nne kwenye karatasi: siku, saa, mahali, na mtu mzima aliyekuwa karibu. Kisha anahamisha tukio moja moja.

Kabla ya saa sita mchana ameshaanza kuona. Siku ya Ijumaa imejaa kuliko siku nyingine zote, na imejaa baada ya saa sita. Wanafunzi Waislamu wametoka kwenda msikitini, ndivyo inavyotakiwa. Lakini ratiba bado inasema kuna kipindi cha jiografia. Mwalimu wa jiografia anakuta nusu ya darasa haipo, anaona hawezi kuanza mada mpya, anawaambia waliobaki wajisomee. Waliobaki wanatoka nje. Walioenda kuswali, wengine wanarudi, wengine wanapitia ufuoni, na jina la mwanafunzi halisomwi tena mpaka Jumatatu. Simu zilizokamatwa, ngumi, muguka nyuma ya bweni la zamani: karibu yote yamerundikana hapo.

Pili, kuna kona ya vyoo, kati ya chakula cha mchana na kipindi cha kwanza cha alasiri. Walimu wako ofisini wanamalizia kula. Wanafunzi wapya hawaendi chooni wakati huo kwa sababu wananyang'anywa pesa, kwa hiyo wanaomba ruhusa katikati ya kipindi, na mwalimu anawaona ni watoro. Tatu, kuna Kidato cha Tatu mkondo mmoja ambao kila Jumanne una vipindi viwili mfululizo bila mwalimu. Vurugu ya Jumanne iliyokuwa ikiitwa "tabia ya hilo darasa" ina saa yake na chanzo chake.

Tiba ya Ijumaa haina gharama. Masomo yaanze mapema siku hiyo, mapumziko yafupishwe, vipindi viishe kabla ya adhana. Kisha shule ichague moja: ama ifunge kwa saa inayojulikana na kila mzazi, ama alasiri iwe ya michezo na vilabu, majina yakisomwa wanafunzi wakirudi. Kinachoua ni kuacha ratiba iseme jambo ambalo kila mtu anajua halifanyiki. Mtoto akishaona shule yenyewe inadanganya kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, sheria nyingine zote anazisoma kwa jicho hilo hilo.

Kwenye vyoo anatakiwa mtu mzima mmoja kwa dakika kumi na tano, na milango. Milango ni lazima, hasa kwa wasichana.

Darasa lisilo na mwalimu ndilo gumu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2013 kuhusu shule za msingi za Kenya ilionyesha kuwa wachunguzi walipofika bila taarifa, zaidi ya walimu 4 kati ya 10 hawakuwa darasani walikotakiwa kuwa, na wengi wao walikuwa papo hapo shuleni. Hiyo ni shule ya msingi, lakini kwa sekondari ongeza shida ya walimu wa bodi. Hao hawako kwenye orodha ya mishahara ya TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu; wanalipwa kidogo na shule yenyewe, mara nyingi kwa kuchelewa, na wengi hufundisha shule mbili ili wapate nauli na chakula. Pesa za serikali za sekondari ya kutwa, shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, zinapochelewa, wao ndio wa kwanza kutolipwa. Ukimlaumu mwalimu wa bodi kwa uvivu bila kumuuliza alilipwa lini mara ya mwisho, hujui unachokitengeneza.

Pamoja na hayo, mwalimu mkuu anaweza kuamua jambo moja: darasa lisikae bila mtu mzima bila yeye kujua. Kiranja wa darasa aandike kwenye karatasi saa mwalimu alipoingia na alipotoka, karatasi ziletwe ofisini kila jioni. Walimu watanung'unika. Watasema wanachunguzwa na watoto. Ni kweli, na ndiyo maana mwalimu mkuu aanze kwa kuandikwa yeye kwanza katika vipindi vyake.

Je, kiboko?

Kila mkutano wa wazazi lazima mtu asimame aseme, "Sisi tulipigwa na tukawa watu." Na anapigiwa makofi. Mapema mwaka 2021, shule zilipokumbwa na fujo baada ya likizo ndefu ya korona, hata waziri wa elimu wa wakati huo, George Magoha, alionyesha kutaka kiboko kirudi.

Sheria iko wazi. Kanuni zilizoruhusu viboko shuleni zilifutwa mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili, na anayekutwa na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwalimu anayeshika mwanzi leo anahatarisha kazi yake, hata kama wazazi wamemwambia "mpige tu, mwalimu, tumekuruhusu". Mzazi hana mamlaka ya kumpa ruhusa hiyo.

Tuiache sheria kidogo, tuangalie historia. Wanaosema shule ziliharibika baada ya kiboko kuondolewa wamesahau miaka iliyotangulia. Mwaka 1991 wasichana 19 walikufa katika shule ya St Kizito, Meru, wavulana walipovamia bweni lao. Mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana Nyeri, viranja wanne walichomwa moto wakiwa wamelala. Kiboko kilikuwa halali miaka hiyo yote, na kilitumika.

Kiboko hakishindwi kwa sababu watoto wa leo ni sugu. Kinashindwa kwa sababu kinafanya kazi pale tu alipo mwenye kukishika. Mwanafunzi anajifunza ratiba ya mwalimu mkali, hajifunzi tabia. Zaidi ya hapo, kinakata njia ya habari. Shule inayotulia ni ile ambayo mwanafunzi mpya anaweza kumwendea mwalimu na kusema, "Kuna panga limefichwa nyuma ya maktaba." Mtoto aliyechapwa asubuhi kwa kuchelewa hatamwendea mwalimu huyo mchana.

Jirani zetu Waganda wana ushahidi wa kupimwa. Katika wilaya ya Luwero, shule 42 za msingi zilishirikishwa katika jaribio la mpango uliotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala. Nusu ya shule zilipewa mpango kwanza, nusu zikasubiri. Mpango wenyewe ulikuwa ni kamati za walimu, wanafunzi na wazazi, shule kujiwekea malengo yake, na njia mbadala za nidhamu. Baada ya miezi 18, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2015, wanafunzi waliosema walipigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31 katika shule zenye mpango, na asilimia 49 katika zile zilizosubiri. Ni punguzo kubwa, lakini iangalieni hiyo 31 vizuri: baada ya kazi yote hiyo, bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu alipigwa. Anayeahidi kuibadilisha shule kwa muhula mmoja anauza maneno.

Adhabu zilizochukua nafasi ya kiboko kwetu nazo zina kasoro zake. Kupiga magoti kwenye mchanga na kufyeka uwanja kunamtoa mtoto darasani, jambo ambalo kwa anayechukia hesabu ni zawadi. Kumtuma nyumbani wiki mbili Malindi maana yake ni kumpa nafasi ya kushika pikipiki ya binamu yake, aonje hela ya kila siku, na wengine hawarudi. Na ule msemo wa "usirudi bila mzazi"? Baba yuko Mombasa, mama yuko Oman, kijana analelewa na bibi asiyeweza kutembea mpaka stendi. Basi kijana anakodi mzazi. Anamlipa dereva wa boda mia mbili, anakuja ofisini na kofia mkononi, anamkemea "mwanawe" mbele ya naibu kwa hasira ya kupendeza, anatia sahihi, wanaondoka pamoja. Walimu wengine wanajua kabisa, wanakubali ili kesi iishe.

Uhakika kuliko ukali

Linalobadilisha tabia ni kosa dogo kupata jibu dogo kila mara, kutoka kwa kila mwalimu, siku ile ile. Adhabu kubwa inayokuja mara moja kati ya kumi ni bahati nasibu, na vijana wanapenda kujaribu bahati.

Tazama lango asubuhi. Wanafunzi wanatakiwa ndani saa moja na nusu. Msichana wa Kidato cha Tatu anafika saa mbili kasorobo. Katika shule iliyolegea kuna mambo mawili yanayoweza kumkuta: mlinzi amwachie apite kwa sababu leo mwalimu wa zamu hayupo, au apigishwe magoti mpaka mapumziko kwa sababu leo yupo na amekasirika. Akikadiria kwamba leo ni siku ya magoti, harudi nyuma akakimbia. Anageuza, anaenda zake mjini. Kosa la robo saa limekuwa utoro wa siku nzima, na shule ndiyo iliyolikuza.

Katika shule inayojirudi, mambo huenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Robo saa leo, na jana pia. Kuna nini?"

"Maji, mwalimu. Mfereji wetu umekauka, napitia kisimani kwanza."

"Haya, andika jina hapa uwahi darasani. Mchana baada ya kula utanilipa robo saa yangu, na hiyo habari ya maji tutaizungumza."

Mazungumzo hayafiki dakika moja. Hakuna matusi, hakuna hotuba, wala msamaha hakuna: robo saa italipwa. Italipwa na yeye, na mtoto wa mwenyekiti wa bodi, na nahodha wa timu ya mpira siku mbili kabla ya mechi. Siku ambayo nahodha anaachiwa, utaratibu wote umekwisha, na kila mwanafunzi uwanjani anajua.

Kwa hiyo sheria ziwe chache. Nimeona karatasi ya sheria yenye vipengele zaidi ya arobaini, kimojawapo kikikataza "kutembea kwa madaha". Hakuna mwalimu anayeweza kusimamia arobaini, kwa hiyo kila mmoja anachagua zake. Tano zinazosimamiwa na watu wote ni nidhamu; arobaini ni mapambo. Na zifundishwe kama somo linavyofundishwa, wiki ya kwanza ya kila muhula, kwa kuonyeshana: hivi ndivyo tunavyoingia darasani, hivi ndivyo tunavyopanga foleni ya chakula. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walioujenga mtindo huu tangu miaka ya 1990, wanaugawa msaada katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya shule nzima, na kwa makadirio yao inawatosha wanafunzi kama asilimia 80. Ya pili ni ya vikundi vidogo vya wanaoyumba. Ya tatu ni ya wachache sana, mmoja mmoja. Shule iliyolegea huanzia ngazi ya tatu, ndiyo sababu mwalimu wa ushauri nasaha anazidiwa. Naye kwa kawaida ana vipindi vyake vya kufundisha kama mwalimu mwingine yeyote, na ofisi yake ni kivuli cha mwarobaini.

Suluhu, na mahali isipofaa

Kupatanisha si jambo la kuletewa pwani. Wazee wa Kigiriama na mabaraza ya mitaa ya Waswahili wamekuwa wakikalisha watu chini muda mrefu kabla shule hazijajengwa. Kinachokuja sasa shuleni kwa jina la haki ya kurejesha uhusiano kinafanana sana na hicho.

Wasichana wawili wamepigana kwa sababu ya picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Badala ya wote wawili kutumwa nyumbani, mwalimu anawakalisha na shahidi mmoja kila upande. Maswali ni machache. Kilitokea nini? Nani aliumizwa, na vipi? Nini kifanyike ili hili liishe? Aliyetuma picha anaifuta mbele yao, anaandika kwenye kundi lile lile kwamba alikosea, na aliyeanza kurusha mkono analipia kitabu kilichochanika. Baada ya wiki mbili mwalimu anawaita tena kuuliza kama makubaliano yameshikwa. Kikao hicho cha pili ndicho kinachosahaulika, na bila hicho suluhu ni tamthilia tu.

Lakini tusiipambe mno. Katika jiji la Pittsburgh, Marekani, taasisi ya RAND ilifuatilia shule 44 kati ya 2015 na 2017, baadhi zikitumia mtindo huu. Siku za kufukuzwa kwa muda zilipungua na walimu walisema hali ya shule imekuwa bora. Matokeo ya masomo hayakupanda, na kwa madarasa ya kati yalishuka. Mimi nalisoma hilo hivi: vikao vinachukua muda na vinahitaji walimu waliofunzwa, na darasa ambalo halikuwa na utaratibu halitaupata kwa kuongezewa vikao.

Na kuna kesi ambazo haziendi kwenye suluhu hata kidogo. Pwani tuna neno maslaha, na kila mtu anajua limetumika vipi: mtoto wa kike amedhulumiwa, wazee wanakaa, mbuzi au pesa zinapita, msichana anaambiwa anyamaze. Hilo likiingia shuleni kwa vazi la upatanisho ni hatari kubwa. Unyanyasaji wa kingono ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006. Waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku jambo hilo aripoti ndani ya saa 24, hata kama mtuhumiwa ni mwalimu mwenzake. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Ibandikwe ukutani mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Wanafunzi wenyewe

Waliochomwa Nyeri walikuwa viranja, na hilo linahitaji kufikiriwa. Kiranja aliyeteuliwa na walimu, mwenye chumba chake, sahani yake nzuri na ruhusa ya kuadhibu, ni askari wa upande mmoja. Mwaka 2009 wizara, pamoja na chama cha walimu wakuu wa sekondari na UNICEF, ilianzisha utaratibu wa mabaraza ya wanafunzi yenye viongozi wa kuchaguliwa. Shule nyingi zinapiga kura leo. Swali ni kama baraza likishachaguliwa linajibiwa.

Baraza likileta hoja kumi, tisa zitahusu chakula, maji na vyoo. Watu wazima hucheka hapo, hudhani vijana hawana jambo la maana. Mimi sioni la kuchekesha. Katika shule za kutwa chakula cha mchana hulipiwa na wazazi, na asiyelipa hapewi. Fikiria kijana wa Magarini aliyetembea kilomita sita asubuhi, anasimama pembeni akiangalia wenzake wakipakuliwa pure ya mahindi na maharagwe, halafu saa nane anatakiwa atulie kwenye darasa la mabati joto la Februari likiwa limesimama wima. Ukimkuta amemzaba mtu kofi saa nane na nusu, andika kosa, ndiyo. Lakini andika pia kwamba hakula. Kuna shule zinazomruhusu mzazi alipe kwa mahindi, maharagwe au kuni, na ni utaratibu mzuri.

Na kwenye yale yasiyowezekana, jibu la "hatuwezi, kwa sababu hii" ndani ya wiki ni bora kuliko ahadi.

Nje ya ukuta

Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi ikafuata mwezi huo huo, kisha mahakama ya Embu ikasimamisha amri hizo. Shule haiwezi kungoja mahakama, wala haiwezi kufunga disko la matanga, zile dansi za usiku kwenye misiba. Inaweza kujua nani hakuja Jumatatu. Watafiti wa Chicago waligundua kwamba mwenendo wa mwanafunzi katika mwaka wake wa kwanza wa sekondari, mahudhurio yakiwa mstari wa mbele, unatabiri kama atamaliza shule vizuri kuliko alama alizokuja nazo. Simu ya mwalimu wa darasa siku ya pili ya utoro, si ya kumi, inamkuta kijana bado hajapata pikipiki. Kwa msichana aliyepata mimba, sera ya kumrudisha shuleni ipo tangu 1994 na mwongozo mpya ulitolewa 2020. Mwalimu mkuu anayesema "hatuchukui wazazi hapa" anakwenda kinyume na wizara yake mwenyewe.

Linalovunja jitihada hizi mara nyingi si wanafunzi. Ni uhamisho. TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwapeleka walimu wakuu nje ya kaunti zao, shule nyingi ziliona mtu anaanza jambo na kuondoka nalo. Utaratibu uliokaa kichwani mwa mtu mmoja huondoka na sanduku lake. Kwa hiyo uandikwe, ushikwe na kamati ya walimu watatu au wanne, na bodi iujue. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu mwaka 2025 hakukuwa na Kidato cha Kwanza, na tangu Januari 2026 Gredi ya 10 wa mtaala mpya wako chini ya paa moja na wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, ambao watamaliza 2027. Kundi moja linaingia na mazoea yake, jingine linatoka, na kila upande unatazama ni sheria za nani zitakazobaki.

Wiki ya tano au ya sita mambo hurudi nyuma. Walimu wamechoka, wawili wameshaacha kusimama langoni, na mtu mmoja chumba cha walimu atasema, "Si niliwaambia?" Hapo naibu afungue tena kitabu, achore zile safu nne, aweke wiki mbili za mwisho kando ya wiki mbili za mwanzo, akiulizia saa na mahali kabla ya majina. Kama Ijumaa imetulia lakini vyoo vimerudi kuwa kama zamani, basi anajua mtu mzima wa dakika kumi na tano amepotea, na anajua ni nani. Mzazi naye anaweza kuuliza hilo hilo kwenye mkutano mkuu, badala ya kuuliza tu shule imekuwa ya ngapi: ni wapi na saa ngapi watoto wetu wanapata shida hapa, na nani anasimama hapo?